Jina na Sura ya Mtu ni Mali ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya kukutana, Tabora)

  

Kamati iliponiandikia barua kunitaka nizungumze leo, ilinipa hiari ya kuchagua jambo nilipendalo. Nimechagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni la mjini mno: haki ya mtu mashuhuri juu ya jina lake, sura yake na sauti yake. Mwanamuziki, mchezaji wa mpira au mcheza filamu akikuta picha yake imebandikwa kwenye mfuko wa sabuni, wala hakuulizwa, sheria inamsaidiaje? Najua mnanong'ona kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam, na sisi wa Tabora yetu ni tumbaku na asali. Basi nivumilieni kidogo, maana kisa cha kwanza nikijuacho cha namna hii kilianzia hapa hapa Unyanyembe, kabla reli haijafika.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika hapa akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Alikaa Kwihara, na wengi wenu mmekwenda kuliona tembe la makumbusho lililoko huko. Katika siku hizo mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa mtoto wa kiume mtumwa. Mtoto huyo aliitwa Ndugu Mhali. Jina hilo halikumpendeza mgeni, akataka jingine, na mtoto akapewa jina la Kalulu, ambalo Stanley aliandika kwamba maana yake ni mtoto wa paa.

Mwaka uliofuata Kalulu alikuwa London. Alipelekwa katika studio ya picha akasimamishwa kando ya bwana wake, yeye Stanley amevaa mavazi yake ya safari na bunduki mkononi, na picha hizo zikauzwa kwa watu waliokuwa na hamu ya kuiona Afrika bila ya kuumwa na mbu. Alitengenezwa sanamu ya nta katika jumba la Madame Tussauds. Mwaka 1873 Stanley alitoa kitabu cha hadithi chenye jina la mtoto huyu juu ya jalada, *My Kalulu, Prince, King, and Slave*. Mwaka 1874 alikuwapo katika mazishi ya Livingstone huko Westminster Abbey. Machi 1877, akiwa tena safarini na Stanley, alizama katika maporomoko ya mto Kongo, na maporomoko hayo nayo yakaitwa kwa jina la Kalulu.

Hebu tuhesabu pamoja. Sura yake iliuza picha. Mwili wake wa nta ulisimamishwa mahali watu walipotoa fedha kuingia. Jina lake liliuza kitabu, na jina lenyewe silo alilopewa na wazazi wake. Mtoto wa Tabora alikuwa mtu mashuhuri katika miji miwili mikubwa ya dunia, na katika ushuhuda wote huo hakukuwa na kitu kimoja alichokuwa na uwezo wa kukikataa.

Nataka mkishike kisa hicho, kwa sababu wanasheria wa leo wakizungumza juu ya haki hizi huanza na fedha. Fedha zimo, nami nitazifikia. Lakini chini ya fedha kuna jambo la zamani zaidi, nalo ni nani mwenye ruhusa ya kusema wewe ni nani.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ofisi ya wilaya moja ambayo sitaitaja, alikuja mama mmoja muuza asali amebeba kalenda iliyokunjwa ndani ya khanga. Kalenda ilikuwa ya kampuni fulani, na mwezi wa Agosti ulikuwa na picha yake, ameshika mzinga, anacheka. Nikajua amekuja kudai malipo. Akaniambia, "Mwanangu, picha ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini hapa chini wameandika Mama Neema. Mimi sina mtoto aitwaye Neema. Watu sokoni wananiuliza huyo Neema nilimzaa na nani." Tuliiandikia kampuni barua. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: bahasha nene yenye kalenda nyingine sita.

Mama yule hakuwa mtu mashuhuri. Lakini alikuwa amelitia kidole jambo lenyewe kuliko vitabu vingi nilivyovisoma chuo kikuu.

Sasa sheria. Katika nchi yetu hatuna sheria moja iliyotungwa mahsusi kulinda jina na sura ya mtu zisitumike kibiashara. Mwenye kudhulumiwa hulazimika kuokota vipande huku na huko, kama mtu anayeshona kiraka. Kipande cha kwanza tulikirithi. Mahakama zetu hutumia pia misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za Waingereza za baadaye si amri kwetu, ila mahakimu wetu huzisoma. Bahati mbaya urithi huo katika jambo hili ni mwembamba. Waingereza hawajapata kukubali kwamba mtu ana miliki juu ya sura yake.

Mwaka 1931 mchezaji wao wa gofu aitwaye Tolley aliishtaki kampuni ya chokoleti ya Fry iliyomchora katika tangazo na pakiti ya chokoleti ikichungulia mfukoni. Alishinda, lakini hakushinda kwa kuwa sura ni yake. Alishinda kwa sababu alikuwa mchezaji wa ridhaa, na watu wangedhani amejiuza. Kwa hiyo ilihesabiwa kuwa kashfa. Wazee mtakumbuka jambo hili kwa upande wetu. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Februari 1974, alikimbia chini ya kanuni hizo hizo za ridhaa, ambazo zilimkataza mwanariadha kulichuma jina lake. Dunia nzima ililijua jina la Bayi, na mtu pekee aliyekatazwa kulifanyia biashara alikuwa Bayi.

Hata Rihanna, mwimbaji mnayemjua vijana kuliko mimi, aliposhinda kesi yake London mwaka 2013 dhidi ya duka la Topshop lililouza fulana zenye picha yake, na rufaa ikakataliwa mwaka 2015, mahakama zilisema wazi kwamba Uingereza hakuna haki ya sura kama sura. Alishinda kwa sababu wanunuzi walidanganyika wakadhani yeye ndiye aliyeziidhinisha fulana zile. Yaani aliyelindwa hasa ni mnunuzi.

Marekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1953, katika kesi ya kampuni mbili za ubani wa kutafuna zilizogombea picha za wachezaji wa besiboli, mahakama ya rufaa huko New York ilitamka kwamba mtu ana haki ya thamani iliyomo katika umaarufu wake, na haki hiyo aweza kuiuza kama auzavyo shamba. Tangu hapo imekua. Katika jimbo la California haki hiyo hudumu miaka 70 baada ya mtu kufa, na Indiana miaka 100.

Nami nasema wazi, kwa kuwa mmenialika niseme: sipendi tuichukue hiyo ya Kimarekani nzima nzima. Kinachouzwa kama shamba hununuliwa na mwenye fedha, na kijana wa miaka kumi na tisa mwenye njaa huuza kwa bei ya njaa. Halafu atazeeka akiwa mpangaji katika uso wake mwenyewe. Napendelea tuijenge haki hii juu ya utu, na malipo yawe ni tunda lake tu. Mtu aweza kumkodisha mwingine sura yake kwa kazi fulani na kwa muda fulani. Kuiuza moja kwa moja, hapana.

Na jambo hilo si geni kwenu, watu wa njia ya misafara. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja hapa, na kutoka hapa kwenda Ujiji, haukupita bure katika nchi za watu. Katika Ugogo hasa, kila mtemi alidai hongo yake, vitambaa, shanga na waya wa shaba, na msafara ulikaa siku kadhaa ukijadiliana. (Neno hilo leo lina maana nyingine, na mimi mtumishi wa serikali nisingependa kunukuliwa vibaya. Nasema hongo ya zamani, iliyolipwa mchana kweupe mbele ya ngoma na mashahidi.) Aliyelipa hongo hakuinunua nchi. Alipewa ruhusa ya kupita, na akirudi hulipa tena. Wapagazi wa Kinyamwezi nao walipatana ujira kabla ya kujitwisha mzigo. Mambo hayo mawili, ruhusa na mapatano ya mapema, ndiyo mwili mzima wa haki ninayoizungumzia.

Turudi kwenye vipande vyetu. Kuna hakimiliki, yaani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Vijana wengi hudhani hiyo inawatosha. Mnakumbuka kesi ya AY na Mwana FA dhidi ya kampuni ya Tigo, juu ya nyimbo zao zilizotumika kama miito ya simu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya Sh. bilioni 2, na shauri likaendelea kupanda ngazi za rufaa. Ilikuwa hukumu iliyowashtua wengi waliozoea kuona msanii anapewa ahsante na soda. Lakini tazameni vizuri: kilicholindwa pale ni wimbo. Lau kampuni ingeacha nyimbo ikachukua nyuso zao peke yake, hakimiliki isingewafaa kitu. Tena ingeweza kuwageuka, maana hakimiliki ya picha huwa ya aliyepiga au aliyemtuma apige. Aliyepigwa, ambaye ndiye anayewafanya watu waitazame, katika sheria hiyo ni kama mti au mlima.

Nawakumbuka hapa wanamuziki wa Tabora Jazz. Wazee mlicheza nyimbo zao, na Shem Karenga na Dada Asha wake aliimbwa nchi nzima. Enzi zile studio ilikuwa ni ya Radio Tanzania, ukirekodi umerekodi. Hakuna aliyefikiria kwamba hata namna ya mtu kuita jina la mpenzi wake kwenye kipaza sauti ni kitu chenye mwenyewe.

Kipande kikubwa kuliko vyote kimo katika Katiba. Hati ya haki iliyoingizwa mwaka 1984 inayo ibara ya 16, inayotaka kila mtu aheshimiwe na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Haitaji picha wala tangazo, lakini mlango uko wazi kwa wakili mwenye bidii. Na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Tume yake. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Anayeikusanya sharti awe na sababu halali, na asiitumie kwa jambo jingine lisilokuwa lile alilolisema. Yule mama wa asali angekuja leo, ningekuwa na mahali pa kumpeleka.

Majirani wametupita hatua chache. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri la mwananchi mmoja dhidi ya Opportunity Bank iliyotumia picha yake kujitangaza, ilieleza mambo matatu ya kutazamwa: je, mtu huyo anatambulika katika picha, je, picha imetumika kunufaisha biashara, na je, alikubali? Hakuna sharti la nne la kuwa mashuhuri. Kenya nako, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi, Casa Vera, faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Siku hizo hizo aliitoza shule moja, Roma School ya Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Namwona Mkuu wa Shule ananitazama. Nitafika huko.

Wapo watakaouliza juu ya wakubwa waliokwisha kufa. Shule hii ilimlea Mwalimu Nyerere mpaka 1942, na sura yake imo kwenye noti ya Sh. 1,000, ofisini, kwenye khanga na kwenye malori. Iko sheria ya mwaka 2004 ya kuwaenzi Waasisi wa Taifa, yaani yeye na Mzee Karume. Nakubali ihifadhi kumbukumbu zao. Lakini tusifike mahali ambapo mwalimu wa historia anaogopa kubandika picha darasani, au mchora katuni anaogopa kumchora waziri aliye hai. Anayeshika madaraka ya umma, sura yake akiwa kazini ni ya umma pia. Gazeti likiandika habari zake, halimdai idhini. Mtemi Mirambo alifariki mwaka 1884, na jina lake, ambalo alijipa mwenyewe kwa ajili ya vita, leo liko juu ya shule, kambi na barabara. Hakuna mtu wa kumlipa kwa hayo, na haifai awepo. Mpaka kati ya habari na biashara hauonekani vizuri kila mara, lakini ukiona bei pembeni ya picha, ujue umeuvuka.

Sasa ninyi vijana. Wamo humu ambao watacheza ligi kuu, wamo watakaoimba, na wamo ambao tayari wana maelfu ya watu wanaowafuata kwenye simu kuliko wapiga kura wa diwani wangu. Mtaletewa karatasi. Nimeona karatasi za namna hiyo, na maneno ya hatari ndani yake ni machache: milele, duniani kote, na kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa. Ukiona hayo matatu katika sentensi moja, usitie sahihi siku hiyo. Nenda nayo nyumbani. Uliza ni bidhaa gani, ni miezi mingapi, na baada ya hapo picha zitakuwa wapi. Na aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba kwa sheria yetu, hata angekuwa na mwandiko mzuri namna gani.

Hilo la njia zitakazobuniwa si la kupuuza. Akili mnemba leo yaweza kuichukua sauti yako kutoka katika dakika chache za mazungumzo ikaiimbisha wimbo usioujua, au ikaiuzia dawa ya nguvu za kiume. Jimbo la Tennessee huko Marekani, nyumbani kwa studio nyingi za muziki, lilitunga sheria mwaka 2024 ya kulinda sauti ya mtu hata ile ya kuigiza kwa mashine. Sisi tunazo sauti zilizolala kwenye kanda za redio tangu miaka ya 60, za watu ambao wengi wamekufa na wajukuu wao wako Isevya, Ng'ambo na Kigoma. Mashine inaweza kuwaamsha wote kesho asubuhi. Kama nina ombi moja kwa wabunge waliosoma shule hii, ni kwamba sheria yetu itakapotungwa iitaje sauti kwa jina lake, isiiache imejificha ndani ya neno taarifa.

Ndugu Mwenyekiti, nimetumia dakika tano zaidi ya nilizopewa. Mpiga picha wa gazeti letu anatungoja chini ya miembe. Nimeafikiana na Katibu kwamba aweke daftari mezani pale mlangoni: kila mmoja aandike jina lake kama apendavyo lichapishwe chini ya picha, na asiyetaka sura yake itoke aandike hivyo, hataulizwa sababu. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, Mkuu wa Shule amenihakikishia asubuhi kwamba barua za wazazi zimekwisha kusanywa, isipokuwa za vijana kumi na mmoja wa kidato cha pili. Hao tafadhali wasimame upande wa kushoto, nje ya kamera, na watangulie kwenye chakula.